Mirihi: Miaka Mia ya Kudanganywa na Vumbi

Kwa karibu miaka mia moja, watu wenye darubini bora kuliko zote duniani waliamini kwamba sayari ya Mirihi ina majani. Hawakuwa wapumbavu. Walichokiona, mtu yeyote mwenye macho na subira angekiona: uso mwekundu wa sayari ile una madoa meusi, na madoa hayo hayatulii. Barafu ya ncha moja inapoanza kupungua, madoa ya upande huo hukolea rangi na kutanuka. Baridi ikirudi, yanafifia. Mwambie mkulima habari hizo bila kumtajia sayari, atakujibu kwamba maji yamefika na shamba limeota. Mfaransa Emmanuel Liais alisema vivyo hivyo mwaka 1860, na kwa vizazi vitatu wengi walimfuata.

Percival Lowell, tajiri wa Boston aliyejijengea kituo cha kutazama nyota Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, aliongezea mifereji ya umwagiliaji na viumbe wenye akili wa kuichimba. Mifereji ile ilikuwa mazigazi ya macho na imesimuliwa mno, tuiache. Majani yaliishi muda mrefu kuliko mifereji. Mwaka 1947 Gavriil Tikhov alipewa idara nzima huko Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti, ya kuchunguza mimea ya sayari nyingine. Miaka kumi baadaye Mmarekani William Sinton akatangaza kwamba mwanga wa Mirihi una alama za viumbe hai. Ilipofika 1965 ikagundulika kwamba sehemu kubwa ya alama zile ilitokana na mvuke wa maji wa Dunia hii hii, uliokuwa angani juu ya darubini yake.

Ushahidi wa vumbi ulikuwepo muda wote. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris, aliona mawingu ya njano yakifunika sehemu za Mirihi ambazo jana yake zilionekana wazi. Aliyahesabu kuwa mavumbi ya jangwa. Watu walimsoma, wakakubali kwamba huko kuna vumbi, kisha wakaendelea kuzungumzia majani. Vumbi kwao lilikuwa kero ya mtazamaji, kitu cha kusubiri kipite.

Aliyeona mbali zaidi alikuwa Dean McLaughlin wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1954 aliandika kwamba madoa meusi ni majivu ya volkano yaliyotawanywa na upepo. Hakuwa na picha mpya wala chombo kipya. Alichukua ramani zile zile walizokuwa nazo wenzake akazisoma jinsi nahodha anavyosoma mawingu. Aliona kwamba madoa mengi yana umbo la faneli: ncha kali upande mmoja, halafu yanapanuka na kujipinda. Ncha, alisema, ndipo majivu yanapotokea. Mpanuko ni njia ya upepo. Mpindo unaletwa na sayari kujizungusha, sababu ile ile inayopinda pepo za huku kwetu zikivuka bahari. Mtu wa pwani aliyekua akihesabu mwaka wake kwa kusi na kaskazi asingehitaji kushawishiwa sana. Wataalamu walihitaji, na wengi hawakushawishika.

Kuhusu volkano McLaughlin alikosea. Mirihi ina milima ya volkano, tena mikubwa ajabu, lakini hakuna uliowahi kuonekana ukitema majivu. Kuhusu upepo alikuwa sahihi kuliko mtu yeyote wa zama zake. Alifariki Desemba 1965, miezi mitano baada ya chombo cha Marekani, Mariner 4, kupita karibu na Mirihi na kurudisha picha za kwanza za karibu. Shimo moja kubwa la Mirihi limepewa jina lake. Kwa maoni yangu alistahili zaidi ya shimo.

Mariner 4 ilileta pia utata. Vipimo vyake vilionyesha kwamba hewa ya Mirihi ni nyepesi mno: kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile tunayoishi ndani yake. Upepo wa kilomita 100 kwa saa huko usingekuangusha. Ungeusikia usoni kama upepo mwanana wa jioni. Sasa hewa ya namna hiyo inanyanyuaje vumbi la kufunika sayari? Wanasayansi Carl Sagan na James Pollack walikuwa wanashikilia kwamba inaweza, na kwamba madoa yanayokolea ni mwamba mweusi unaofunuliwa pale upepo unapofagia vumbi jekundu. Walikuwa na hesabu. Picha hawakuwa nazo.

Picha zilikuja kwa mlango wa nyuma. Tarehe 22 Septemba 1971 wingu jeupe lilionekana juu ya eneo la Noachis, kusini mwa Mirihi. Ndani ya wiki chache sayari nzima ilikuwa imefunikwa. Wakati huo vyombo vitatu vilikuwa njiani kuelekea huko: Mariner 9 ya Marekani, na Mars 2 na Mars 3 za Wasovieti. Mariner 9 ilifika tarehe 14 Novemba, ikawa chombo cha kwanza cha binadamu kuzunguka sayari nyingine. Ilipoelekeza kamera chini haikuona kitu. Mabonde, mashimo, milima, vyote vilikuwa chini ya utandu mmoja wa rangi ya kutu, isipokuwa madoa manne meusi karibu na ikweta.

Wahandisi wa Marekani waliweza kukibadilishia chombo chao maagizo, wakakiambia kingoje. Vyombo vya Kisovieti vilikuwa na ratiba iliyopangwa kabla ya safari. Mars 2 iliachia mtambo wake wa kutua katikati ya dhoruba tarehe 27 Novemba, ukajipigiza ardhini. Mtambo wa Mars 3 ulitua salama tarehe 2 Desemba, ukatuma ishara kwa takriban sekunde 20, ukanyamaza moja kwa moja.

Vumbi lilianza kutulia mwanzoni mwa 1972, nalo lilitulia kuanzia juu kwenda chini, kama maji ya mafuriko yanavyopungua yakaacha mapaa ya nyumba kwanza. Madoa manne yakageuka vilele vya volkano. Kimoja ni Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi: Kilimanjaro mitatu ikipangwa mmoja juu ya mwingine haifiki kileleni. Zikafuata picha zenye michirizi, maelfu ya michirizi mieupe na mieusi, kila mmoja ukianzia nyuma ya shimo au kilima na kuelekea upande mmoja, kama mkia wa mchanga nyuma ya jiwe ufukweni maji yanapotoka. Ndani ya shimo moja palikuwa na uwanja mzima wa matuta ya mchanga mweusi. Sagan na wenzake walipolinganisha picha za mahali pamoja zilizopigwa kwa kupishana wiki kadhaa, waliona michirizi imebadilika umbo. Hadithi ya majani ilikufa hapo.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba Mariner 9 ilingoja miezi miwili vumbi lipishe ili iione Mirihi, na miezi yote hiyo miwili ilikuwa inaitazama Mirihi ikiwa kazini. Hata kule kungoja hakukupotea bure. Vipimo vya joto vilivyochukuliwa wakati wa dhoruba vilionyesha kwamba hewa ya juu imepata joto na ardhi imepoa, kwa kuwa vumbi lilikuwa limeziba jua. Sagan na Pollack hawakulisahau jambo hilo. Mwaka 1983, wakiwa na wenzao watatu, walichapisha hesabu zilizoonya kwamba moshi wa miji iliyochomwa kwa mabomu ya nyuklia ungeipoza Dunia kwa njia kama hiyo.

Lilibaki swali la Mariner 4, hewa nyepesi vile inanyanyuaje vumbi, na jibu lake lilikuwa limeanza zamani, katika jangwa la Libya. Ralph Bagnold, mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Misri, alitumia likizo zake za miaka ya 1920 na 1930 kuendesha magari ya Ford kati ya matuta ya mchanga. Aliporudi London alijenga kijia cha upepo cha majaribio, na mwaka 1941 akatoa kitabu ambacho wanaochunguza mchanga wanakitumia mpaka leo. Alionyesha kwamba upepo hauchukui mchanga kama mto unavyochukua jani. Punje hunyanyuka, huruka, hutua kwa kishindo na kurusha nyingine. Mwaka 1975 mzee huyo na Sagan waliandika makala ya pamoja kuhusu Mirihi.

Vumbi la Mirihi ni laini kupita unga wa ngano, punje yake ikiwa na upana wa kama sehemu tatu za elfu za milimita. Mtu angedhani ndilo jepesi kupeperushwa. Sivyo. Punje ndogo kiasi hicho hushikamana, na zimejilaza chini pale ambapo upepo haufiki vizuri. Inayong'oka kwanza ni punje ya mchanga, yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikirudi chini ndiyo inayolipiga vumbi na kulirusha hewani. Na vumbi likishapanda, jua hulipasha joto, nalo huipasha joto hewa, hewa moto huongeza upepo, upepo nao huongeza vumbi. Dhoruba ya Mirihi hujilisha yenyewe namna hiyo hadi izibe dunia nzima ya kule.

Ronald Greeley wa Arizona alitaka kuliona hilo kwa macho. Katika kituo cha Ames huko California alitumia chumba kikubwa kinachoweza kupunguziwa hewa hadi kiwango cha Mirihi, akaweka kijia cha upepo ndani yake. Ilionekana kwamba kwenye Mirihi upepo unahitaji kasi ya karibu mara kumi ya inayohitajika huku ili ung'oe mchanga. Hapo pakazuka kosa jingine. Vyombo vya Viking, vilivyotua mwaka 1976, vilipima upepo kwa miaka na mara chache mno vikakuta kasi hiyo. Wengi wakahitimisha kwamba matuta ya Mirihi ni mabaki ya zama za kale na hayasogei tena. Viking hizo hizo zilikuwa zimeshatoa fundisho kuhusu kuona unachokitarajia. Picha ya kwanza ya rangi ilitolewa ikiwa na anga ya buluu, kwa sababu waliorekebisha rangi walitarajia buluu. Ilipotangazwa kwamba anga ya kule ni ya waridi kwa ajili ya vumbi, waandishi wa habari walizomea.

Kamera ya chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika mwaka 2006, ndiyo iliyoyatoa matuta kaburini. Inaona vitu vya ukubwa wa meza kutoka angani, na ilipopiga mahali pamoja mwaka hadi mwaka, matuta yalionekana yanatembea kwa wastani wa nusu mita kwa mwaka wetu. Anayetaka kuona mwendo wa namna hiyo aende karibu na Bonde la Oldupai, Ngorongoro, ambako tuta la mchanga mweusi wa volkano kutoka Ol Doinyo Lengai husogea takriban mita 17 kwa mwaka. La Mirihi ni mvivu zaidi, lakini umbo ni lile lile la mwezi mchanga. Maelezo yalitolewa na mtafiti Jasper Kok mwaka 2010: kuung'oa mchanga ni kazi kubwa, ila ukishaanza kuruka, upepo wa sehemu moja tu ya kumi ya kasi ile unatosha kuuendeleza.

Kwa mitambo inayotua Mirihi, vumbi limekuwa suala la kufa na kupona. Mtambo wa Spirit ulitua Januari 2004 ukitegemewa kuishi siku 90. Mwaka uliofuata, ukiwa umedhoofika, upepo ulipita ukazifagia paneli zake za sola, na ukaishi hadi 2010. Pacha wake, Opportunity, alidumu zaidi na kutembea kilomita 45. Dhoruba iliyoanza mwishoni mwa Mei 2018 iligeuza mchana wake kuwa usiku. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa tarehe 10 Juni. Maneno yaliyosambaa baadaye, eti mtambo uliaga ukisema betri inaisha na giza linaingia, yalitungwa na mwandishi wa habari akifasiri takwimu.

Mtambo wa InSight, uliotua Novemba 2018, haukupata bahati ya Spirit. Vumbi lilizidi kulala juu ya paneli zake na hakuna upepo uliokuja kufagia. Mei 2021 wahandisi waliuagiza uchote mchanga kwa kijiko chake na kuumwaga polepole kando ya paneli wakati upepo unavuma. Watu wengi walishangaa: unasafishaje kwa kumwaga mchanga? Lakini punje ziliruka kama Bagnold alivyosema, zikalipiga vumbi, na nyingine zikalichukua zikienda. Mtambo ukapata nyongeza ya wati-saa 30 kwa siku. Haikutosha kuuokoa. Ulisikika mara ya mwisho tarehe 15 Desemba 2022.