Zege Halikauki, Hukomaa

Swali la lini mirunda itaondolewa chini ya zege la ghorofa hujibiwa kwa maneno yaleyale karibu kwenye kila mjengo: tusubiri likauke. Mwenye nyumba husema hivyo, saidia fundi husema hivyo, na hata mhandisi aliyehitimu hujikuta akisema hivyo anapozungumza na watu wake. Maneno hayo ni mepesi na kila mtu huyaelewa, lakini si ya kweli. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Huwa gumu kwa sababu saruji na maji huingiliana kikemia na kuzaa kitu kingine kipya, na maji yakitoroka kabla kazi hiyo haijaisha, ugumu nao hukwama pale yalipotorokea. Nashikilia kwamba kitenzi hiki kimewagharimu wajenzi wetu mno, na kwamba istilahi iliyo sahihi tunayo tayari: zege hukomaa, na kazi ya kulitunza hadi likomae iitwe kukomaza.

Tuanze na kinachotokea ndani ya zege lenyewe. Chembe za saruji zina silikati za kalsiamu ambazo zikikutana na maji hutengeneza ute unaokaza na kuuma mchanga na kokoto pamoja. Mwingiliano huo hutoa joto. Ndiyo maana nguzo nene iliyomwagwa jana ukiigusa leo huwa na vuguvugu. Kwa uzito, saruji hufunga kikemia maji yanayokaribia robo ya uzito wake, na mengine hushikwa ndani ya vitundu vidogo mno vya ute huo, hivi kwamba ili saruji yote ifanye kazi yahitajika maji kama asilimia 40 ya uzito wake. Fundi anayetia lita 25 kwa mfuko wa kilo 50 ameshatia asilimia 50. Maji ya kutosha yamo tayari. Kinachotakiwa ni kuyazuia yasiondoke, kwa kuwa jua na upepo huyanyonya kutoka usoni mwa zege tangu dakika ya kwanza. Na kama ugumu ungetokana na kukauka, misingi ya madaraja isingewezekana: huko zege hushushwa kwa bomba hadi chini ya maji, likawa gumu hukohuko lilipo, bila kuona jua hata siku moja.

Ushahidi mwingine umo maabara. Zege hupimwa kwa michemraba, kwa kawaida yenye upande wa milimita 150, inayovunjwa kwa mashine ili ijulikane inastahimili mzigo kiasi gani. Michemraba hiyo ikishatolewa kwenye fomu zake hutumbukizwa ndani ya tangi la maji, na humo hukaa hadi siku ya 28. Namba 32.5 au 42.5 iliyochapwa kwenye mfuko wa saruji nayo ni ahadi ya namna hiyohiyo: ni nguvu ya chini, kwa newtoni kwa kila milimita ya mraba, ambayo sampuli ya saruji hiyo iliyotunzwa majini inapaswa kuifikia baada ya siku 28. Cheti kinachosema kwamba zege lako limefaulu kinaeleza habari za mchemraba uliolala majini karibu mwezi mzima. Jamvi au zege la ghorofa ambalo mchemraba huo unaliwakilisha huenda lilianikwa juani tangu asubuhi ya pili. Hayo ni mambo mawili tofauti, na lugha inayoyaita yote "kukauka" haimpi msikilizaji njia ya kuona tofauti hiyo.

Kosa hili halikutokana na uzembe wa mafundi. Kitenzi kukauka kilikuwa sahihi kwa vitu tulivyojengea kwa karne nyingi. Udongo wa kukandika ukuta hukauka kweli, na usipokauka haufai. Tofali bichi huanikwa. Boriti za mikoko na mbao za paa huachwa zipoteze maji ili zisije zikapinda zikiwa kazini. Chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, ile iliyojenga misikiti na nyumba za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, hukaza kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na hewa haiipenyi vizuri ikiwa bado imelowa chepechepe. Kwa hiyo msamiati wa fundi mwashi wa pwani na wa bara uliundwa na vifaa vinavyotaka maji yaondoke. Saruji ya kiwandani, ambayo jina lake la Portland lilitokana na hataza ya Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, ilipofika huku ilipokelewa na mafundi wenye ujuzi wa udongo na chokaa, wakaipa kitenzi walichokuwa nacho. Jina lenyewe tuliloipa lina historia inayokwenda kinyume na kitenzi hicho. Saruji ni jamaa wa neno linalojulikana Uajemi na Omani kwa lipu ya udongo uliochomwa na kuchanganywa na chokaa, iliyotumika kujengea mifereji ya aflaji na matangi ya kuhifadhia maji. Ilithaminiwa kwa sababu ilidumu ndani ya maji. Tukachukua jina, maarifa yaliyomo ndani yake tukayaacha.

Kiingereza hakimsaidii mfasiri hapa. Neno linalotumiwa na wahandisi, curing, lina maana ya kuponya mgonjwa, na pia ya kuhifadhi nyama au samaki kwa chumvi na moshi. Anayetafuta kisawe chake katika kamusi ya kawaida atakutana na kuponya, kutibu, kukausha. Cha kwanza na cha pili havimwambii fundi chochote. Cha tatu kinamwambia afanye kinyume cha kinachotakiwa. Wapo wanaokwepa mtego huo kwa kutohoa tu na kusema kyuringi, neno ambalo halimfikii mtu anayeshika ndoo. Na wapo wanaosema kumwagilia, ambalo ndilo la mitaani na lina uzito wake. Hili la mwisho linastahili jibu la kina.

Kumwagilia kunataja tendo, na tendo lenyewe ni jema. Tatizo ni kwamba kunataja njia moja na kuacha lengo. Zege linaweza kukomazwa bila kumwagiwa hata kopo moja la maji: ukilifunika kwa nailoni likiwa bado bichi, ukazibana kingo zake, maji yaliyomo hayana pa kwenda. Unaweza kuacha fomu za nguzo zikae siku zaidi. Unaweza kulaza magunia ya katani yaliyoloweshwa, au kuzungushia jamvi tuta dogo la mchanga na kutuamisha maji juu yake. Upande wa pili, unaweza kumwagilia kila siku na usikomaze chochote. Zege linalonyunyiziwa asubuhi saa moja, likakauka kabisa kufikia saa nne, likanyunyiziwa tena jioni, limekaa kutwa nzima bila unyevu usoni, na huko kulowa na kukauka kwa zamu huongeza nyufa. Anayesema "nimemwagilia" amesema kweli. Anayesema "nimekomaza" anadaiwa matokeo, na hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Kukomaa si neno nililolibuni mimi. Wako mafundi na wahandisi wanaolitumia, ingawa mara nyingi hulichanganya na kukauka kana kwamba ni mamoja. Nguvu yake inaonekana linapopangwa pamoja na mengine mawili yaliyomo mjengoni. Saruji ikianza kupoteza ulaini, kwa kawaida ndani ya saa chache, fundi husema imeshika. Baada ya hapo huanza safari ndefu ya kupata nguvu: kwa saruji ya kawaida iliyotunzwa vizuri, siku ya 7 huwa imefika kama thuluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, na huendelea kuongezeka taratibu hata baada ya hapo. Huko ndiko kukomaa. Kisha, kwa wiki na miezi, maji yaliyozidi hutoka, na huko ndiko kukauka, jambo linalomhusu anayetaka kupaka rangi au kutandika sakafu ya mbao. Kushika, kukomaa, kukauka: kila neno lina wakati wake na mtu wake wa kuliuliza. Wengine watasema tofauti hii ni ya darasani. Lakini saruji nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki huchanganywa na pozolana, yaani mawe na majivu ya volkeno, na saruji za aina hiyo hukomaa polepole kuliko ile isiyochanganywa, hivyo huhitaji unyevu kwa muda mrefu zaidi. Anayepima kwa macho kama zege "limekauka" ataondoa mirunda siku ileile kwa aina zote mbili.

Kuna pingamizi la kilugha ambalo ni zuri kuliko yote, nalo latokana na mnazi. Dafu lina maji mengi. Nazi iliyokomaa ina machache. Je, kukomaa si kupoteza maji vilevile? Jibu ni kwamba nazi hukomaa ikiwa juu ya mti, ingali inalishwa, na sehemu ya maji ya dafu ndiyo inayogeuka kuwa nyama nene ya nazi. Ukiliangua dafu mapema na kulianika, maji yatakauka na nazi hutaipata. Zege hufanya vivyo hivyo: maji yake hupungua kwa kugeuka kuwa sehemu ya jiwe, na likinyang'anywa mapema halifiki. Hilo pingamizi naliona kuwa hoja ya kuunga mkono.

Pingamizi la mafundi ni zito kwa namna nyingine. Watasema: tumejenga miaka yote bila haya, na nyumba zimesimama. Ni kweli zimesimama, na sababu inajulikana. Ndani ya zege nene unyevu hubaki kwa muda mrefu, hivyo moyo wake hukomaa hata usoni pakiwa pameharibika. Panapoumia ni tabaka la nje, sentimita chache tu, na hilo ndilo lililokabidhiwa kulinda nondo. Tabaka lisilokomaa huwa na vitundu vingi, hupitisha hewa na chumvi, na kwenye miji ya pwani nondo huanza kula kutu, zikavimba, na zege likameguka chini ya boriti na kwenye vibaraza. Sakafu hutoa ushahidi mapema zaidi. Kuna sakafu ambazo kila zikifagiliwa hutoa vumbi la kijivu, leo, kesho na mwakani, na mwenye nyumba hulaumu saruji kuwa feki. Mara nyingi saruji ilikuwa nzima. Uso ulinyimwa maji wiki ya kwanza. Tofali za saruji zinazofyatuliwa kando ya barabara ndizo zinazoumia kuliko vyote, kwa kuwa ni nyembamba na zimezungukwa na upepo pande zote. Zikianikwa juani zikabebwa kabla wiki haijaisha, pembe zake humeguka mikononi mwa wapakiaji, na mnunuzi huambiwa ndivyo tofali zilivyo.

Kitenzi kukauka huharibu kazi hata kabla zege halijamwagwa. Mtu anayeamini kwamba maji yatakauka yote na kwenda zake haoni ubaya wa kuyazidisha ili zege liwe jepesi kusambaza. Duff Abrams, aliyefanya majaribio yake Chicago, alionyesha mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hushuka kadiri maji yanavyozidi kulingana na saruji, kwa kuwa maji ya ziada huacha matundu yanapotoka. Fundi wetu akitia lita 35 katika mfuko wa kilo 50, kisha akaliacha zege bila unyevu baada ya kumwagwa, amelipa maji mengi wakati yanaumiza na kulinyima wakati yanafaa. Makosa hayo mawili yanatoka katika imani moja.

Bado wapo watakaosema maneno hayabebi ndoo: hata tukiliita jambo hili kwa jina gani, maji ya boza ni ghali na hakuna wa kubaki kumwagilia baada ya fundi kulipwa. Hoja hii naiheshimu, na ndiyo inayonifanya nisisitize jina. Makubaliano mengi ya mafundi wetu hutaja kuchimba msingi, kusuka nondo, kufunga fomu, kumwaga zege, kupandisha kozi, kupiga lipu. Kila tendo lina jina, na kila lenye jina lina bei. Kukauka hakuna bei, kwa sababu ni jambo linalojiendea lenyewe. Hakuna anayemlipa mtu kusubiri kitu kikauke. Kukomaza ni kazi. Ina vifaa, ina siku, ina mtu anayewajibika, na kwa hiyo inaweza kuandikwa mstari wake na kulipiwa. Walimu wa vyuo vya ufundi wakianza kuifundisha kwa jina hilo, na wakadiriaji majenzi wakaiandika katika hesabu zao, haitabaki kuwa fadhila ya saidia fundi mwenye moyo mzuri.

Basi wewe unayejenga, kabla hujamlipa fundi malipo ya kwanza, andikeni pamoja: kukomaza zege, siku 7 kwa uchache, na 14 ikiwa saruji ni ya pozolana, nani atafanya, kwa magunia, kwa nailoni au kwa maji, na kwa shilingi ngapi.