Hadithi za Watoto Pwani ya Tanga na Suala la Vipindi vya Zamani

Katika mwaka wa 2006 vipindi vya mwanzo vya Sesame Street, vilivyotengenezwa Marekani tangu 1969, vilitolewa upya pamoja na onyo ya kwamba vyawafaa watu wazima, na huenda visiwafae watoto wadogo wa siku hizi. Swali hilo likiulizwa Tanga, Muheza au Pangani, halina budi kuanzia mahali pengine. Televisheni ilifunguliwa Unguja mwaka wa 1973. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka 1994. Kwa hiyo mzazi wa Tanga aliyekua katika miaka ya sabini, kwa kawaida, hana kipindi cha televisheni cha utotoni mwake cha kumrithisha mwanawe. Alicho nacho ni hadithi: ya bibi baada ya chakula cha usiku, ya kitabuni, au ya Mama na Mwana, kipindi cha Redio Tanzania ambacho Debora Mwenda alikijengea jina.

Hadithi hizo ni za kale kuliko chombo chochote kilichozibeba. Edward Steere alizikusanya Unguja katika miaka ya 1860, akazichapisha London mwaka wa 1870, na hadithi za namna hiyo zikatolewa pia katika Kibaraka, kitabu cha kusomea cha misheni ya UMCA, ambayo ilikuwa na kituo chake Magila, karibu na Muheza.

Tazama ile ya Sultani Darai. Maskini apekuaye jaani aokota thumuni, anunua paa. Paa amtafutia mke, binti wa sultani, kisha aua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba. Paa augua. Kizee wa nyumba atumwa kwa bwana kumwombea chakula chema, naye arudishwa na majibu ya aibu, mara kwa mara, hata paa afa, na mzoga watupwa kisimani. Yule bwana aamka jaani alikotoka. Msimulizi wa leo aweza kutamani kumponya paa ili mtoto asilie. Lakini paa akipona, shukrani haina thamani tena, na safari za kizee huwa kazi bure.

Ukali huo, basi, si tatizo kubwa. Lililo zito zaidi ni maneno kama mtumwa, kijakazi na suria, yapitayo katika hadithi za namna hii bila mtu kushtuka, kana kwamba yataja vyombo vya nyumbani. Pangani ilikuwa bandari ya misafara na ya watumwa. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku na Sayyid Barghash mwaka wa 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikafutwa kisheria Tanganyika mwaka wa 1922. Miaka mia moja na kidogo ni vizazi vichache tu. Wamo watoto darasani ambao mababu zao waliitwa kwa maneno hayo, na jambo hilo halisemwi nyumbani. (Wanafunzi wa lugha hulikuta kwanza katika kamusi, ambamo halina uso.)

Mhariri akiyafuta, ameficha ushahidi. Akiyaacha yalivyo, amemfundisha mtoto kuwa ni mambo ya kawaida. Usimulizi wa nyumbani ulikuwa na njia ya tatu: mtoto aliweza kumkatiza bibi na kuuliza, kijakazi ni nani? Majibu, kweli, hayakuwa ya kuridhisha kila mara, na bibi wengine walikemea. Hata hivyo swali lilikuwa na pa kupelekwa. Redio haikuweza kukatizwa, wala kitabu, wala Ubongo Kids, kipindi cha katuni cha Kiswahili kilichoanza Dar es Salaam mwaka wa 2014, ijapokuwa chajaribu kuwaita watoto wajibu. Masimulizi ya zamani yakirushwa leo kwa mtoto aliyekaa peke yake mbele ya simu, neno kijakazi litapita masikioni mwake kama neno jaa, ambalo huenda naye halijui, na hatakuwapo wa kumweleza tofauti.