Uvuvi wa trauti: Anayemjua mdudu ndiye apataye samaki

KWA mkazi wa mjini aliyezoea kuona wavuvi wakitupa nyavu, au ndoana zenye chambo cha nyungunyungu na dagaa, uvuvi wa samaki aina ya trauti kwa inzi bandia ni jambo geni.

Mvuvi wa namna hii hatumii chambo cha kuliwa. Mwishoni mwa mshipi hufunga ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ya ndege, nywele za wanyama na nyuzi hadi ifanane na mdudu. Kwa kuwa ndoana hiyo ni nyepesi mno, kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, ulio mzito, nao ndio huibeba hadi mbele ya samaki.

Je, ni kwa nini samaki adanganyike? Jibu limo katika maisha ya wadudu wa mtoni, na miongoni mwa mahali yalipochunguzwa kwa makini ni mto Test, jimbo la Hampshire, kusini mwa England. Mto huo hulishwa na chemchemi za miamba ya chokaa, na maji yake ni baridi na maangavu kiasi cha kumwezesha mvuvi kumwona samaki akila.

Maisha ya mdudu

Mdudu mashuhuri wa mto huo ni Ephemera danica, ambaye Waingereza wamempa jina la mwezi wa Mei. Akiwa tunutu, huishi katika mashimo ndani ya tope la mtoni kwa muda wa miaka miwili hivi.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, matunutu huogelea kwenda juu, hujivua ngozi na kuibuka wakiwa na mabawa. Msomaji aliyewahi kuona kumbikumbi wakitoka ardhini baada ya mvua, na kuku wakiwakimbilia, atapata picha ya karamu inayowangojea trauti.

Mdudu huyo hupumzika juu ya maji mabawa yakikauka, kisha huruka hadi majanini. Huko hujivua ngozi kwa mara nyingine, jambo ambalo wadudu wengine wenye mabawa hawalifanyi. Hali chakula tena. Hujamiiana, jike hutaga mayai juu ya maji, kisha hufa na kuelea mabawa yakiwa yametandazwa.

Kuyasoma maji

Hapo ndipo penye mtihani wa mvuvi. Trauti huweza kushikilia hatua moja tu ya mdudu na kuzipuuza nyingine, hata mto ukiwa umejaa chakula.

Mgongo au mkia ukionekana bila mdomo kutokeza, huenda samaki anawala matunutu chini kidogo ya uso wa maji. Kiputo kikibaki baada ya samaki kuzama, kwa kawaida amemla mdudu aliyeelea. Jioni, akifyonza taratibu bila kishindo, aghalabu anaokota majike waliokufa.

Hata akichagua inzi sahihi, mvuvi hana budi kumwacha aelee kwa mwendo wa maji. Mkondo ukiuvuta mshipi, inzi huburutwa na kuacha mchirizi, na samaki hutambua hila.

Suala la hatua ipi iigwe liliwahi kuwagawa wavuvi. Frederic Halford, katika kitabu chake cha mwaka 1889, alisisitiza inzi anayeelea tu. Mwaka 1910, mwanasheria G. E. M. Skues alichapisha kitabu akitetea uvuvi wa chini ya uso wa maji, kwani aliona kuwa samaki hula huko pia. Mwaka 1938 hoja hiyo bado ilijadiliwa katika klabu ya wavuvi jijini London. Leo mbinu zote mbili hutumika sana.

Kipimo cha afya ya mto

Umuhimu wa wadudu hawa, hata hivyo, unapita mchezo. Wengi wao hawastahimili uchafuzi, hivyo kutoweka kwao huweza kuonya kabla samaki hawajaanza kufa.

Kwa sababu hiyo, nchini Uingereza wavuvi wa kujitolea huwahesabu. Mmoja huingia mtoni na kuchokoa changarawe kwa mguu kwa dakika tatu, huku wavu ukikinga kinachosombwa na maji. Makundi manane ya viumbe huhesabiwa, na idadi ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mamlaka ya mazingira hujulishwa.

Somo hilo linaihusu Afrika Mashariki pia. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaingiza katika mto Gura, utokao milima ya Aberdare, na samaki hao wangali wakivuliwa katika mito baridi ya nyanda za juu.

Milima hiyo hiyo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya maji yanayotumika Nairobi. Msitu ukifyekwa na udongo kuporomokea mtoni, mashapo hufunika changarawe wanamoishi wadudu na wanamotagia trauti. Mvuvi atarudi mikono mitupu, lakini maji hayo yaliyochafuka hayaishii kwake. Huteremka kuelekea kwa wakazi wa bondeni na mijini.