Ndoo za Cap-Haïtien

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kuna agizo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Wana wa Israeli wanaambiwa watenge mahali nje ya kambi pa kujisaidia, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia, achimbe, kisha afukie. Sababu inayotolewa haihusu harufu wala magonjwa. Ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi, na kambi yapasa kuwa takatifu. Basi jambo ambalo sisi huwaachia mabwana afya, Maandiko yameliweka katika habari za utakatifu.

Lakini agizo hilo lilitolewa jangwani, mahali ambapo nje ya kambi pako. Je, kama hakuna nje? Kama nyumba imegusana na nyumba, ardhi ni ya kinamasi, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji? Hilo ndilo swali la mitaa kama Shada, mtaa wa maskini kando ya mto katika mji wa Cap-Haïtien, kaskazini mwa Haiti. Historia ya jinsi baadhi ya watu wa mji huo walivyoanza kupata jibu yatufaa sisi waumini.

Haiti ilijitangazia uhuru mwaka 1804, baada ya watumwa wa mashamba ya miwa kuwashinda Wafaransa waliowamiliki. Mwaka 1825 Ufaransa iliitaka nchi hiyo changa ilipe faranga milioni 150, ziwe fidia kwa mabwana waliopoteza mashamba na watumwa. Baadaye kiasi kilipunguzwa hadi milioni 90, lakini madeni yaliyotokana na fidia hiyo hayakwisha hadi mwaka 1947. Yaani watu walilipishwa bei ya miili yao wenyewe, na wajukuu wao wakaendelea kulipa. Nchi ya namna hiyo ingepata wapi fedha za kuchimba mitaro ya majitaka? Si kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Walikuwako pia watawala wa nyumbani waliojijaza matumbo, na jeshi la Marekani liliikalia nchi hiyo kuanzia 1915 hadi 1934. Hata leo hakuna mji wa Haiti wenye mabomba ya majitaka yanayouhudumia mji mzima. Mwenye choo cha shimo, shimo likijaa, humwita mtu aitwaye bayakou. Huyo hufanya kazi usiku, huingia shimoni mwenyewe, na mara nyingi hataki hata jirani yake ajue anachofanya kupata riziki. Anachokitoa huishia mtoni au korongoni mara nyingi. Tusiwashangae. Kwetu pia, mvua kubwa zikianza, wako wanaotapisha vyoo vyao kwenye maji yanayopita mlangoni, na maji hayo hupita mlangoni kwa mwingine.

Mwaka 2006 wanawake wawili Wamarekani, Sasha Kramer, mtaalamu wa ikolojia, na Sarah Brownell, mhandisi, walianzisha shirika lisilo la faida liitwalo SOIL. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, lakini zikisomwa pamoja maana yake ni udongo. Kramer alikuwa amefika Haiti mara ya kwanza mwaka 2004, kufuatilia hali ya haki za binadamu. Wazo lao liliyaunganisha matatizo mawili ambayo wengine waliyaona mbalimbali. Mashamba ya Haiti yamechoka, vilima vimekatwa miti, na mvua huuchukua udongo hadi baharini. Mijini nako kuna kinyesi kisicho na pa kwenda, na ndani yake imo rutuba iliyotoka katika mashamba hayo hayo.

Walianza na vyoo vya umma. Msomaji anaweza kukisia yaliyofuata, maana vyoo vya umma vina tabia moja duniani kote: choo cha wote hakina mwenyewe wa kukisafisha, na mama mwenye watoto hawezi kukiendea usiku wa manane. Watu walitaka choo cha nyumbani kwao.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliuangusha mji mkuu, Port-au-Prince, na zaidi ya watu milioni 1 wakabaki bila makazi. SOIL, wakishirikiana na shirika la Oxfam, wakapeleka vyoo vyao katika kambi za waathirika. Huko walijifunza kazi ya kukusanya kinyesi na kukiozesha kwa wingi.

Kisha Oktoba mwaka huo huo kikazuka kipindupindu, ugonjwa ambao Haiti haikuwa na kumbukumbu yake kwa zaidi ya miaka 100. Ulianzia kwenye kambi ya askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, karibu na mji wa Mirebalais. Majitaka ya kambi yaliingia katika kijito, na kijito hicho hupeleka maji yake katika mto Artibonite, ambao watu huunywa, huuoga na kuumwagilia mpunga. Zaidi ya watu 800,000 waliugua, na karibu 10,000 wakafa. Umoja wa Mataifa ulichukua miaka kukiri. Ilikuwa Desemba 2016 ndipo Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba radhi watu wa Haiti.

Nakawia hapa kwa makusudi. Wale askari hawakuja kuua mtu, walitumwa kulinda amani. Wala kambi yao haikukosa vyoo. Kilichokosekana ni mtu wa kujali kinachotokea baada ya choo. Sisi makanisani tunapenda kujenga. Tukichangishana kwa ajili ya choo cha shule au cha zahanati, tunataka siku ya ufunguzi, utepe, na bamba lenye jina la usharika ukutani. Miaka minne baadaye shimo limejaa, na hakuna kamati iliyowahi kuundwa kwa ajili ya siku hiyo.

SOIL waliigeuza hesabu hiyo. Mwaka 2011 walianza huko Cap-Haïtien huduma waliyoiita EkoLakay. Lakay, kwa Kikrioli cha Haiti, ni nyumbani. Familia hainunui choo, hukikodi. Choo chenyewe ni kiti kilichotengenezwa na mafundi wa hapo hapo, kinatosha kwenye kona ya chumba, hakihitaji maji wala shimo. Mkojo hupita njia yake na kuingia katika chombo chake. Kinyesi huanguka katika ndoo, na kila mtu akimaliza hufunika kwa makapi makavu, kama vile ya miwa au maganda ya karanga. Makapi hayo huzuia harufu na inzi. Mara moja kwa wiki hupita mkusanyaji. Anachukua ndoo iliyojaa ikiwa na kifuniko chake, anaacha tupu iliyosafishwa pamoja na makapi mapya. Penye vichochoro visivyopitika kwa gari hutumika mikokoteni na matoroli. Familia hulipa ada ndogo kila mwezi.

Huyu mkusanyaji ameajiriwa, ana glavu na buti, na hupita mchana. Kinyesi ni kile kile anachokishika bayakou usiku. Ukiniuliza ni nini kilichonivuta katika habari hii yote, nitakutajia tofauti hiyo kabla ya teknolojia yenyewe.

Ndoo hupelekwa kwenye kituo cha kuozeshea nje ya mji. Humo kinyesi na makapi hulundikwa katika masanduku makubwa, na vijidudu vya asili vinavyokila hutoa joto. Joto la lundo hupanda kupita nyuzi 50, na likidumu hivyo kwa siku za kutosha huua viini vya kipindupindu na mayai ya minyoo. Wafanyakazi hupima joto, hupindua lundo, husubiri miezi kadhaa, kisha hupima tena kabla ya kuuza. Kinachouzwa ni mboji nyeusi inayonukia kama ardhi baada ya mvua, nayo huitwa Konpòs Lakay. Wanaoinunua huitia mashambani na kwenye miche ya miti.

Watafsiri wa Biblia yetu ya Union hawakuwa na haya. Katika Wafilipi 3:8 Mtume Paulo anatumia neno mavi, na katika Luka 13 mtunza shamba anauombea mtini mwaka mmoja zaidi ili autilie samadi. Ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kinachoyatenganisha ni kazi ya mtu fulani na muda wa kungoja.

Wako wanaosema mpango huu umeshindwa, kwa sababu ada za familia hazitoshi kulipia gharama zote. Ni kweli hazitoshi. Kubeba na kuozesha kunagharimu zaidi ya anachoweza kulipa muuza mkaa, na pengo huzibwa na wafadhili. Mimi siyaoni hayo kuwa kushindwa. Mabomba ya majitaka ya miji mikubwa ya Ulaya hayakujengwa kwa ada za wapangaji. Serikali zilitia fedha, kwa kuwa kipindupindu hakikuuliza nani amelipa. Udhaifu nauona kwingine. Mfadhili wa ng'ambo anaweza kuchoka, na anayepaswa kusimama badala yake ni serikali. Haiti iliunda mamlaka yake ya maji na usafi, DINEPA, mwaka 2009, na tangu hapo haijapata miaka mingi ya utulivu. Kwa maskini aliyekwisha kuzoea choo cha ndani, siku ndoo zitakapoacha kuja itakuwa mbaya kuliko kama zisingalikuja kabisa.

Baada ya Februari 2019 Haiti ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila mgonjwa hata mmoja wa kipindupindu aliyethibitishwa. Kisha mwaka 2022 magenge yenye silaha yalizuia bohari kuu ya mafuta ya Port-au-Prince. Magari yalisimama, na maji safi yakawa haba. Tarehe 2 Oktoba ikatangazwa kwamba ugonjwa umerudi, ukianzia katika mitaa ya maskini ya mji mkuu. Kule Cap-Haïtien, wakati huo, kulikuwa na nyumba ambazo kinyesi chake kilikuwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, kikisubiri siku yake ya kuchukuliwa.