Sikio lililoziba si sikio la kufa

Katika historia ya huduma kwa watu wenye ulemavu nchini mwetu, Milima ya Usambara ina nafasi ambayo bado hatujaipa uzito wake. Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani wakaigeuza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa katika ukanda huu. Mwaka 1963 Kanisa la Kilutheri lilifungua shule ya wasioona pale Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Mwaka 2007, huko Magamba, kikaanzishwa chuo kikuu kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa na kuipa elimu maalumu kipaumbele.

Mtoto asiyesikia alikuwa na njia nyingine. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1963, lakini Tabora. Buguruni ilifuata mwaka 1974, na Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Mzazi wa Mlalo au Bumbuli katika miaka ya sitini alipaswa kumsafirisha mwanawe hadi upande wa pili wa nchi, au kumbakiza nyumbani akiitwa bubu.

Neno hilo ndilo linalonishughulisha. Taasisi hujengwa juu ya majina tunayowapa watu, na jina “bubu” limewafunika pamoja watoto wa aina mbili. Yupo ambaye koklea yake, yaani sehemu ya ndani inayogeuza sauti kuwa taarifa ya neva, imeharibika. Na yupo aliyezaliwa na sikio dogo lililojikunja, lisilo na tundu, huku mifupa mitatu ya sikio la kati (nyundo, fuawe na kikuku) ikiwa imeshikamana au haikuumbika sawasawa. Huyu wa pili mara nyingi koklea yake ni nzima. Sauti haifiki tu. Hupoteza kiasi cha desibeli 60, yaani mazungumzo ya kawaida karibu yote. Likiziba sikio moja, lile jingine humsaidia kujifunza kusema. Yakiziba yote mawili, miaka ya kujifunza lugha humpita. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili halijafa.

Historia ya kulifikia sikio la namna hii si ndefu. Shimesikio la kawaida halina pa kukaa pasipokuwa na tundu, hivyo wataalamu wakaipitisha sauti kwenye mfupa. Mwaka 1977, mjini Gothenburg, Uswidi, wagonjwa wa kwanza waliwekewa skrubu ya titani nyuma ya sikio ili ipeleke mtikisiko moja kwa moja kwenye koklea. Mwaka 1996, mjini Zurich, kikapandikizwa kwa mara ya kwanza kifaa cha sikio la kati kilichobuniwa na Geoffrey Ball, Mmarekani ambaye mwenyewe alikuwa na usikivu hafifu: sumaku ndogo kuliko punje ya mchele, inayobanwa kwenye mfupa wa sikio na kuutikisa. Miaka kumi baadaye Vittorio Colletti, daktari wa Verona, alionyesha kwamba sumaku hiyo yaweza kuwekwa kwenye dirisha la mviringo la koklea, hata pale mifupa isipofaa. Hapo mlango ukafunguka kwa waliozaliwa na masikio yenye hitilafu.

Nasi tulipiga hatua. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea, upasuaji ambao awali uliwalazimu watoto wetu kusafiri hadi India kwa makumi ya mamilioni ya shilingi. Fahari ile ilistahili. Ila kifaa cha koklea ni tiba ya mtoto wa aina ya kwanza. Wa pili hakihitaji. Cha kwanza anachohitaji hakina hata kisu: mkanda wa kichwani wenye kitikisa-mfupa, ambao mtoto mchanga aweza kuvishwa akiwa na miezi michache, upasuaji ukisubiri akue. (Sisemi haya kuidunisha lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili na haki ya kila kiziwi.)

Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na tangu 2023 tunayo ya Bima ya Afya kwa Wote. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba sheria huishi au hufa kwenye kanuni na orodha za mafao. Ningependa kuuona mkanda huo kwenye orodha, umetajwa kwa jina.

Uziwi mwingi hujificha. Huu huonekana kwa macho siku ya kwanza, bila mashine yoyote. Kutoka Lushoto kuteremka hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33 za kona, na hapo Dar es Salaam bado iko mbali. Lakini swali langu haliko Muhimbili. Liko katika chumba cha kujifungulia: mkunga akipokea mtoto mwenye sikio lisilo na tundu, anaandika nini kwenye kadi yake, na anampeleka kwa nani?