Jino Lenye Hatia na Jino Lisilo na Hatia

Katika historia ya Afrika Mashariki, jino limetendewa dhuluma mbili zinazopingana. Lilipokuwa chanzo cha vifo, hakuna aliyelitazama; na lilipokuwa halina kosa lolote, liling'olewa. Dhuluma zote mbili zimegharimu maisha ya watu, na zote zina mzizi mmoja: afya ya kinywa kuachwa nje ya hesabu za afya ya umma.

Tuanze na wanyama. Mwaka 1898 simba wawili dume waliwashambulia vibarua wa Reli ya Uganda waliokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo, katika Kenya ya leo. Vibarua wengi, walioletwa kutoka India kwa mkataba, waliamini kwamba wale si simba bali mizimu. Mhandisi J. H. Patterson aliwaua kwa risasi mwezi Desemba, na baadaye akadai kwamba walikuwa wamekula watu 135. Uchunguzi wa kikemia wa mabaki yao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria watu wapatao 35. Mafuvu yao yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Field, Chicago. Simba wa kwanza alikuwa na chonge ya chini iliyovunjika, na mzizini mwake kulikuwa na jipu. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba huyo ndiye aliyekula watu wengi kuliko mwenzake. Simba humkaba nyati kwa chonge; chonge ikioza, hutafuta windo lisiloweza kupambana naye.

Karne moja baadaye, kati ya 2002 na 2004, simba mmoja aliua watu wapatao 35 Rufiji, si mbali na Dar es Salaam. Wananchi walimwita Osama. Askari wa wanyamapori walipomuua Aprili 2004, alikutwa na gego lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Ni kweli kwamba jino halikuwa sababu pekee. Wakati wa Tsavo, sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe na nyati. Nchini Tanzania, watafiti walihesabu watu 563 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004, na wakaonyesha jinsi nguruwe pori wanavyowavuta simba hadi mashambani, ambako mkulima hulala kibandani akilinda mazao yake. Jino bovu liliikuta njia ambayo umaskini ulikuwa umekwisha kuifungua.

Hatia hiyo haiishii kwa simba. Ng'ombe mwenye kidonda cha ufizi huweza kuingiwa na bakteria hadi kwenye mfupa wa taya. Taya huvimba, akashindwa kutafuna, akakonda hadi kufa. Kwa binadamu, usaha wa gego la chini huweza kushuka chini ya ulimi na kuvimbisha shingo hadi njia ya hewa ikazibika. Kabla ya dawa za viuavijasumu, zaidi ya nusu ya waliofikwa na hali hiyo walifariki. Aidha, bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu huweza kushambulia moyo wenye vali zilizokwisha kuharibika.

Sasa tulitazame jino lisilo na hatia. Tangu miaka ya 1980, imani ya "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni" imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania. Jirani zetu wa magharibi mwa Uganda huita hali hiyo "ebinyo". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, ufizi wake hukaguliwa, na uvimbe wa kawaida wa chonge inayokua huhukumiwa kuwa ndio ugonjwa. Chipukizi la jino huchokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kwa kuwa bado ni laini na jeupe, kutoka kwake huonekana kama ushahidi. Mtoto hubaki na kuhara kulekule au malaria ileile, akaongezewa kutokwa damu, pepopunda, sumu ya vijidudu katika damu, na hatari ya Virusi vya Ukimwi pale kifaa kinapotumika kwa watoto wengi. Anayepona huweza kukosa chonge ya utu uzimani.

Ni rahisi kumlaumu mama. Lakini mama huyo alikuwa na mtoto anayekufa, na mganga wa jadi ndiye aliyekuwa karibu na mwenye maelezo. Mafunzo ya madaktari wa meno nchini yalianza Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1970 tu, karibu miongo miwili baada ya Uhuru. Pengo hilo lilijazwa na spoku.

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuiingiza afya ya kinywa katika huduma za msingi. Kwa mkazi wa Kibimba, azimio hilo litakuwa na maana siku zahanati itakapofanya mambo matatu: kupima malaria na kutoa maji ya chumvi na sukari kabla mtoto hajapelekwa kwingine, kumwambia mama waziwazi, kliniki ya chanjo, kwamba uvimbe ule ni jino, na kumpa rufaa ya haraka mtu mzima mwenye shavu lililovimba, badala ya vidonge vya maumivu. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji hospitali mpya.