Kifaa cha kuita msaada ziwani: kilitoka wapi, na kinatufaa vipi?

Mwenye mtumbwi mmoja aliniuliza kama anunue kile kifaa kidogo kinachoita msaada kupitia setilaiti. Nianze na kilikotoka.

Oktoba 1972 ndege ndogo iliyobeba wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich, ilipotea Alaska. Ilitafutwa siku 39, na haijaonekana hadi leo. Baada ya hapo ndege ndogo za Marekani zikatakiwa kubeba redio ya kutoa ishara ya hatari. Lakini ishara inahitaji mtu wa kuisikia. Mwaka 1979 Marekani, Urusi ya Kisovieti, Kanada na Ufaransa zikakubaliana kusikiliza kutoka angani, kwa mfumo unaoitwa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa 1982, na Septemba mwaka huo watu watatu walioanguka na ndege Kanada wakaokolewa.

Vifaa vya mwanzo vilitumia megahezi 121.5, na viliweza kukosea hata kilomita 20. Tangu Februari 2009 setilaiti hazivisikilizi tena. Cha megahezi 406 chenye GPS huonyesha ulipo kwa tofauti ya mita 100 hivi.

Turudi kwetu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Mahali palijulikana, watu waliona. Kifaa hiki kisingezuia ajali ile, kwa sababu hujibu swali moja tu: uko wapi? Hilo ni swali la mvuvi wa dagaa aliyezimikiwa na injini usiku, upepo unamsukuma, simu haina mtandao.

Kwa hiyo ukinunua:

- Hakikisha ni cha megahezi 406 chenye GPS. Cha 121.5 pekee usipewe hata kwa bei ya kutupa.
- Kisajili kwa jina lako na simu ya mtu wa nchi kavu, ili waokoaji wajue wanamtafuta nani.
- Angalia tarehe ya mwisho ya betri.

Kama huna fedha, jibu swali lile kabla ya kuondoka. Mwachie kiongozi wa BMU maandishi: mko wangapi, mnaelekea wapi, mnarudi saa ngapi. Na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Msaada hata ukijua ulipo, lazima ukukute unaelea.